Mtoto Aliyelala Kitandani kwa Okech

Kwa miaka mingi nimekana kwamba huwa ninausalimia mti. Leo nakiri. Ni mwegea mkubwa ulio nje ya maktaba ninakofanyia kazi, na maua yake mekundu hufunguka usiku, na asubuhi yamekwisha anguka chini. Harufu yake ni ya uji uliochachuka ukasahauliwa. Kila asubuhi ninapoisikia, kabla akili yangu ya chuo kikuu haijaamka vizuri, mdomo unasema, "Oyawore," salamu ya asubuhi ya kwetu. Askari wa lango alinikuta siku moja akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia niko kwenye simu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imebeba vitabu. Askari ni mtu mwema, alitazama pembeni.

Nilikulia karibu na Rangwe, kwa dani, mama yake baba yangu. Dani alikuwa na mwana wa mwisho aitwaye Okech, ambaye kwangu ni baba mdogo. Okech alikwenda kuvua Muhuru Bay, na siku moja mashua yake ikaonekana ikielea bila mtu. Walitafuta, hawakupata kitu. Mwaka ukapita, na mwingine.

Kwetu, mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, hatuachi hivyo hivyo. Tunachukua tunda la mwegea, yago kwa lugha yetu, refu na zito kama mtoto mchanga, tunalifunga nguo na kulizika badala yake kwa kilio kamili. Wazee wa ukoo walikuwa wamemjia dani mara nyingi kumwomba akubali. Dani aliwapa chai, akawasikiliza, kisha akachukua ufagio akaenda kufagia simba, ndivyo tuitavyo nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Kitanda cha Okech kilitandikwa kila siku. Mimi niliyajua hayo kwa kusikiliza minong'ono ya jikoni. Yago lenyewe sikuwahi kuliona, maana karibu na kwetu mti huo haukuwepo.

Sasa aingie Bi Zuhura. Yeye na mumewe, Bwana Athmani, walitoka Pwani wakafungua duka Rangwe, duka lililokuwa na simu ya waya, ya pekee Rangwe nzima, juu ya kaunta, imefunikwa kitambaa kama mkate. Bi Zuhura alitufundisha kazi za mikono shuleni kwa sababu tu hakuweza kukaa bure. Muhula ulipofungwa, alitupeleka Homa Bay, kwenye bustani ya umma kando ya ziwa.

Ninyi mliozoea bustani mtanicheka. Mpaka siku ile, kwangu mimi mimea ilikuwa ya namna mbili: inayoliwa na inayong'olewa. Hapa kulikuwa na miti iliyopandwa ili itazamwe, na watu wazima wenye akili zao wakiitazama. Minana walikuwa wameuvua mnazi mmoja majani yote wakasuka viota kama mia hivi, na kila dume alining'inia kichwa chini, akipiga mbawa na kelele, akimwita jike aje akague nyumba. Jike aliingia, akatoka, akaenda kwa jirani. Na dume aliyekataliwa alianza kubomoa. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma. Kenge alipita kwenye nyasi kwa mwendo wa chifu. Mdiria alitua juu ya funjo, funjo likainama mpaka karibu na maji, likamrudisha juu taratibu. Sikujua kwamba kitu nilichokuwa nakikata kila wiki kwa ajili ya mikeka kingeweza kuonyesha adabu namna ile.

Chini ya kivuli, Bi Zuhura alitandika mkeka akatufundisha kusuka vikapu vya magugu maji yaliyokaushwa na kutunga shanga za mbegu. Mimi vikapu vyangu vilikaa kama ajali. Ndipo akaona matunda yaliyoanguka chini ya mti mmoja mkubwa.

"Mashallah, tazameni watoto hawa!" akasema. "Kina mama, kila mmoja achague wake."

Nilichagua langu. Nikalitia macho ya maharagwe, nywele za mkonge, na mdomo wa mkaa uliopinda kidogo kwa kicheko. Bi Zuhura akalifunga bafta nyeupe aliyoitoa dukani kwake, kisha akanifungia mgongoni. Mtu wa Pwani angejuaje kwamba kwetu tunda lile ndilo yago? Na mwalimu wetu, ambaye angejua, alikuwa amekwenda kutafuta samaki wa kukaanga.

Kutoka sokoni Rangwe, gari liliposhatushusha, nilipanda njia ya nyumbani peke yangu, nikimwimbia mwanangu. Kwenye kisima nilikutana na jirani yetu, Mama Atieno, mwanamke mwenye sauti iliyotosha vijiji viwili.

"Akinyi, umebeba nini?" Alizunguka nyuma yangu, akafunua bafta kidogo upande wa chini. Akanong'ona, jambo ambalo sikuwahi kulisikia: "Unalipeleka wapi hilo?"

"Kwa dani. Atalala kwenye simba ya baba mdogo Okech. Kitanda kiko tayari."

Mtungi wake ulianguka. Mama Atieno akashika kichwa akapiga nduru: "Okech yoo! Hatimaye mama yake amekubali!"

Nilipofika nyumbani, kilio kilikuwa kimefika kabla yangu. Wanawake walikimbia kutoka mashambani, mikono kichwani. Wazee walikuja na fimbo zao, nyuso zimejaa huzuni na, nadhani, nafuu. Mmoja alishaanza kupima udongo kwa jembe. Mimi nililia kuliko wote, kwa kuwa nilidhani dani amekufa.

Dani akatokea na kikapu cha mboga. "Mnamlilia nani nyumbani kwangu?"

Wote walinitazama mgongoni. Dani akanifungua, akakaa chini, akafunua bafta. Macho ya maharagwe yakamtazama, mdomo wa mkaa ukamcheka. Akampakata.

"Huyu tumtandikie," akasema. "Alale kitandani. Mwezi huu ukiisha bila neno la Okech, nitawaachia mumzike."

Wazee waliinamisha vichwa. Kisha dani akafanya jambo lililonichanganya kabisa. Alimwita mwanamke aliyekuwa akienda Muhuru Bay kununua omena, akamwambia, "Ukifika ufuoni, waambie watu wote tumemlilia Okech. Waambie hata wanaovuka kwenda Tanzania. Na ulie kidogo unaposema."

"Lakini dani, si bado?" nikauliza.

"Nyamaza, nyakwara, mjukuu wangu. Nenda ukamwangalie mtoto wako."

Nilimwangalia. Kila siku ganda lake lilizidi kuwa gumu, na mwezi ulizidi kukonda juu ya simba. Dani hakufagia tena. Alikaa mlangoni akitazama njia. Nilidhani amechoka, kwamba mimi na mwanasesere wangu tumemshinda. Ilinichukua miaka, shahada mbili, na watoto wangu wawili wasiopiga simu nyumbani, kuelewa kwamba hakuwa amekata tamaa hata kidogo. Alikuwa ametega. Alijua mwanawe: habari za mama anayemngoja angezivumilia popote alipo, akijiambia atarudi atakapokuwa na kitu mkononi. Habari za kuzikwa kwake mwenyewe asingezivumilia.

Mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha Bi Zuhura alipokuja mbio, leso mkononi. "Mama! Njoo dukani! Kuna mtu kwenye simu!"

Bwana Athmani alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, ameshika simu mbali na sikio. "Mama, samahani sana," akasema. "Huyu anadai yeye ndiye maiti yenu. Na amekasirika."

Dani hakuwahi kushika simu. Bi Zuhura akamwekea sikioni, na hata mimi niliyesimama mlangoni niliisikia sauti ikipiga kelele kutoka ng'ambo ya ziwa: nani amesema nimekufa, nani amewaruhusu kunililia!

Dani alimwacha apige kelele mpaka akamaliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayenunua chumvi.

"Okech," akasema, "njoo uchukue kitanda chako. Kuna mtoto amekilalia."