Mshale wa Joto Uliokataa Kupanda

Gari letu lilichemka kwa mara ya kwanza kwenye barabara ya Endiinzi, saa saba mchana, tukiwa tumepakia magunia ya mahindi na mbele yetu kuna kundi la ng'ombe lisilo na haraka yoyote. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Mvuke ulianza kufuka kwenye boneti, mshale wa joto ukafika kwenye alama nyekundu, naye bado anapiga honi kana kwamba ng'ombe ndio waliotuchemsha. Nilimwambia azime injini. Akasema tukishawapita ng'ombe upepo utaipoza. Nikanyoosha mkono nikazima mwenyewe.

Kabla ya kukimbia vita nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari kule Kivu Kusini. Silisemi hili kwa kujivuna. Nalisema ili ieleweke kwa nini yaliyofuata yaliniuma kuliko ambavyo yangemuuma mtu mwingine. Hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, nalima maharage kama kila mtu, na hilo gari dogo la zamani, tulilonunua kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka Mbarara, ndilo lililotupa kazi ya pili. Tunabeba mazao ya majirani hadi sokoni.

Mume wangu alilipeleka kwa fundi huko Kakoba, Mbarara, peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa na palizi. Alirudi jioni amefurahi, akaniambia gari limepona. Nilimuuliza fundi amefanya nini. Akajibu kwamba ametengeneza. Nikauliza ametengeneza nini. Akasema, gari.

Kweli halikuchemka tena. Lakini baada ya siku chache taa ya njano yenye picha ya injini iliwaka kwenye dashibodi, ikakataa kuzimika. Mume wangu alisema taa si ugonjwa, na gari linatembea. Siku ya pili nilikuta amebandika plasta juu yake, plasta ile ile tuliyoweka kwa ajili ya vidonda vya watoto. Niliibandua. Asubuhi nikakuta nyingine.

Ndipo nikaenda Mbarara nikanunua kidude cha kusomea kodi za gari. Ni kidogo kama kiberiti, unakichomeka chini ya usukani, nacho kinapeleka habari kwenye simu. Jirani yetu alinisikia nikisema gari lina kodi, akaja mbio kuuliza kama sasa wakimbizi watatozwa hata kwa injini. Ilinichukua muda kumtuliza. Nilimweleza kwamba kodi hii ni namba tu, gari linajisemea ugonjwa wake. Akaniangalia kwa huruma.

Kodi ilikuwa P0128. Mtandao wetu unapatikana vizuri ukisimama nyuma ya nyumba karibu na kichuguu, basi nikasimama pale nikasoma. Maana yake ni kwamba injini haipati joto la kutosha. Nilirudia kusoma. Gari lililochemka mbele ya ng'ombe sasa linalalamika baridi. Na kweli, nilipoketi kwenye usukani nikaangalia, mshale wa joto ulikuwa haupandi. Tulikwenda hadi Mbarara na kurudi, ukabaki chini kabisa.

Sababu zilizotajwa zilikuwa chache. Huenda maji yamepungua, au sensa ya joto, kile kipimio kidogo, inadanganya, au themostati imebaki wazi. Nilimweleza mume wangu kwamba themostati ni kama mlango mdogo katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa ili ipate moto, ikishapata moto mlango unafunguka na maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Nikamuuliza kama fundi wa Kakoba aliigusa. Akasema hapana. Nikamuuliza tena baada ya chakula, kwa sababu majibu yake baada ya chakula huwa marefu kidogo. Akasema hapana, hakugusa.

Basi nikamwamini. Nilifungua daftari, nikaandika kila nilichoona: saa, safari, mshale ulipofika. Nilibadilisha sensa kwa mikono yangu, maji ya moto yakanirukia, yakaniunguza kifundo cha mkono. Nikafuta kodi kwa simu, taa ikazimika, nikatembea siku tatu kama mtu aliyepata mtoto. Siku ya nne ikawaka. Nilimwaga maji yote ya rejeta nikaweka mapya. Ikawaka. Mafuta nayo yakawa yanakwenda upesi kuliko zamani. Kila nilipokuwa chini ya boneti mume wangu alisimama pembeni akinishikia ndoo, kimya, mpole kuliko kawaida yake. Nilidhani ni heshima.

Kisha ikaja kodi ya pili, P0420. Hiyo inahusu moshi. Ndani ya bomba la moshi kuna chombo chenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, na mafundi hukiita masega. Kazi yake ni kusafisha moshi. Kodi ilisema hakifanyi kazi. Hapo nikatunga nadharia nzuri sana: injini baridi inachoma mafuta vibaya, moshi mchafu umeziba masega, kwa hiyo ugonjwa ni mmoja. Niliichora kwenye ukurasa mzima, na mishale. Nikanunua na sensa ya moshi, nikaifunga. Haikusaidia kitu. Wakati huo kanisani mume wangu alikuwa anawaambia watu kwamba mke wake amerudi shule, anasomea gari.

Jumapili moja alibaki kwenye mazoezi ya kwaya, mimi nikarudi nyumbani. Injini ilikuwa imepoa. Niliamua kuiona hiyo themostati kwa macho yangu. Nilifungua nati mbili za kifuniko chake, nikakivuta. Ndani hamkuwa na kitu. Haikuwa imekwama wala haikuwa imevunjika. Haikuwepo. Palikuwa na duara la gundi ya kuzuia maji, mpya, safi, kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Nikachukua spana, nikaingia chini ya gari na kugonga chombo cha moshi. Kililia kama sufuria tupu. Masega nayo yalikuwa yametolewa.

Gari lilikuwa limesema kweli tangu siku ya kwanza. Niliketi chini palepale, kwenye vumbi, na nguo zangu za ibada.

Mume wangu alipofika aliona nati zimepangwa kwenye kitambaa. Nilimuuliza kwa mara ya tatu.

"Papa, fundi aligusa themostati?"

Alivua kofia. "Aliitoa," akasema. "Alisema ile kitu ni ya inchi za baridi, za Wazungu. Huku kwetu haina kazi."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Kwanza nilisikia haya, kisha ukaanza kuandika mu kaye, ile daftari yako. Haya ikazidi."

Sikumpigia kelele. Nilikuwa nawaza ile ndoo. Miezi mitatu mtu amesimama karibu nami, ameshika ndoo, anajua. Kuhusu masega aliapa hajui lolote, na hapo nilimwamini, maana uso wake ulikuwa umefadhaika kweli.

Jumatatu tulikwenda wote wawili Kakoba. Fundi hakuona aibu hata kidogo. "Nyabo, mama, mimi nasaidia wewe," alisema. "Gari ilichemka, sasa haichemki. Taa hiyo ni ya kompyuta tu." Akanieleza kwamba magari yote anayotengeneza huyaondolea hicho kitu. Nilimjibu kwamba ameondoa mlango badala ya kutafuta aliyewasha moto ndani ya nyumba. Nikamtaka afunge themostati mpya nikiwa nimesimama hapo. Akaifunga, huku anawaangalia wenzake kwa tabasamu.

Tuliwasha gari bila kuliondoa. Kwa mara ya kwanza tangu palizi mshale ulipanda, ukafika katikati, nikafurahi. Haukusimama hapo. Uliendelea kupanda. Fundi akasema, "Umeona?" Nikazima injini, nikafungua boneti, nikainama kuangalia. Feni ya rejeta haikuwa imezunguka hata mara moja. Ikiwa gari linakimbia, upepo unapoza rejeta wenyewe. Ukisimama, au ukitembea pole pole nyuma ya ng'ombe, feni ndiyo kila kitu. Fundi alifuata waya kwa vidole, na hapo ninampa haki yake, aliona kabla yangu: panya alikuwa ameutafuna, bila shaka alifuata mahindi. Aliuunga kwa muda mfupi kuliko ule wa kunywa chai. Tabasamu liliisha. Akasema nilikuwa sahihi, lakini sikufurahi kama nilivyotarajia.

Masega fundi aliapa hakuyagusa, kwa hiyo tulipita dukani kwa mzee aliyetuuzia gari kumuuliza. Mume wangu alianza kwa ukali, labda alitaka kuwa upande wangu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaapa kwa Mungu kwamba alilinunua hivyo hivyo, hakuwahi kuingia chini ya gari maishani mwake. Akatukaribisha chai. Mume wangu akaomba radhi kwa ukali wake.

Masega mapya ni ghali, hatuwezi kuyanunua, kwa hiyo kodi ya moshi bado ipo. Naifuta, inarudi, naifuta. Ya joto haijarudi, na mshale unakaa katikati hata tukikuta ng'ombe.

Jumapili iliyofuata mume wangu alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Akaeleza feni, waya, panya, na jinsi tulivyoteseka miezi mitatu hadi tukagundua. Neno hilo, "tukagundua", alilisema mara mbili. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu na mkono wenye kovu magotini. Nilimwacha amalize.