Bi Mwahija na Ugomvi wa Baa

Bi Mwahija wa Kilwa Masoko hajawahi kuingia baa, na kwa umri alionao hatarajii kuingia. Lakini ugomvi wa baa ndio uliomrudishia heshima ya jikoni kwake.

Ni mke mkubwa wa Sadick, muuza nyavu. Amezaliwa hapohapo Masoko, na vitumbua vyake watu huvifuata mlangoni kabla havijapoa. Sadick alipooa mke wa pili, Hamida, binti wa Kimwera kutoka Rondo, Bi Mwahija hakulia wala hakupiga vigelegele. Alitaka tu nyumba ya bi mdogo iwe mbali na yake. Ikawa hivyo: yeye karibu na soko, Hamida njia ya uwanja wa ndege.

Miaka ikapita wake wenza hao hawasemeshani. Hata msibani, huyu akikaa mkeka huu, yule alitafuta mwingine. Chanzo kilikuwa maneno. Sadick alikuwa akitoka kwa Hamida anaketi mbele ya sahani ya Bi Mwahija, anaumega wali kwa huzuni, kisha anasema bi mdogo anausema vibaya, eti siku hizi hauna nazi. Akienda kwa Hamida, anamweleza kwamba bi mkubwa anauliza kama huko Rondo chumvi wanaijua. Kila mmoja aliumia, na kila mmoja aliingia jikoni na hasira zake. Bi Mwahija akazidisha tui, akapika na pweza. Hamida akachinja kuku. Sadick akanenepa mpaka akashonesha kanzu mpya.

Sasa, Sauda msusi ana televisheni saluni kwake, na Jumamosi alasiri wanawake hukusanyika hapo kutazama kile kipindi cha warembo wa Dar wanaoishi mbele ya kamera. Bi Mwahija alikwenda mara ya kwanza kusuka nywele. Baadaye akawa anakwenda hata nywele zikiwa bado mpya. Hamida naye alikuwa haachi. Mmoja alikaa karibu na mlango, mwingine karibu na dirisha, na Sauda alihakikisha kuna watu kati yao.

Jumamosi moja warembo walikwenda baa. Antonia akammwagia Rosa bia usoni. Rosa akainua kiti akakirusha, chupa zikaanguka, mabaunsa wakaingia, na wigi la Antonia likabaki sakafuni peke yake, kamera ikilisogelea taratibu. Bi Mwahija alisema astaghfirullahi, akavuta kigoda mbele aone vizuri.

Kipindi kilipokwisha saluni iligawanyika. Wengine walimtetea Antonia, kwamba mtu hawezi kuitwa mwizi wa mabwana mbele za watu halafu aendelee kutabasamu. Wengine walisema neno hujibiwa kwa neno, bia usoni ni udhalilishaji. Maimuna, aliyekuwa kasukwa nusu kichwa, akasimama na chanuo lake nyweleni kumsemea Antonia, na Sauda, ambaye ni wa Rosa, akatangaza kwamba nusu iliyobaki hataisuka mpaka Maimuna ajirudi.

Bi Mwahija alisubiri kelele zipungue.

"Nyie mnatazama bia," akasema. "Yule bwana hamkumwona?"

Bwana mwenyewe ni Jonas. Katika vipindi vilivyotangulia alimwambia Antonia kwamba Rosa anamsema, kisha akamwambia Rosa kwamba Antonia anamsema. Na kiti kiliporuka, Jonas aliisogeza sahani yake ya mishikaki isimwagike, akaendelea kula.

Kutoka upande wa dirisha Hamida akajibu kabla hajajizuia. "Kweli, da Mwahija. Mwenye ugomvi ni huyo."

Vichwa vyote vikaelekea dirishani. Hata Maimuna alikaa chini. Bi Mwahija akageuka kumtazama mke mwenzake.

"Hivi, bi mdogo, wewe ulisema wali wangu hauna nazi?"

"Wali wako sijawahi hata kuuonja. Na wewe uliuliza kama Rondo tunaijua chumvi?"

"Niulize vipi, na bibi yangu alikuwa akipeleka chumvi hukohuko kubadilishana na mtama?"

Hamida akainama, mabega yakaanza kumtetemeka. Bi Mwahija alidhani analia, akamsogelea amshike. Kumbe anacheka.

Wakatoka pamoja, wakapita barabara ya sokoni bega kwa bega. Habari ilimfikia Sadick dukani kabla hawajafika mbali. Aliuliza kama wanapigana. Alipoambiwa wanacheka, ndipo alipoogopa.

Hakuna aliyemgombeza. Siku iliyofuata, kwa Bi Mwahija, alikuta ugali na mchicha wa kuchemsha. Alikula kidogo, akakimbilia kwa Hamida kujiokoa, akakuta ugali na mchicha uleule, umetoka sufuria moja. Akaanza kwa sauti ya huruma: "Mwenzio amesema kwamba..." Hamida akamwomba asubiri, akapiga simu, akaweka spika.

"Nakusikiliza, mume wangu," ikasema sauti ya Bi Mwahija. Sadick akasema amesahau alichotaka kusema.

Aliwaomba radhi mmoja mmoja, wakakataa. Walitaka aseme mbele yao wote wawili, chumba kimoja, naye akasema, macho yakiwa kwenye mkeka. Pweza akarudi sahanini, ingawa si kila siku, na siyo kwa kushindana.

Jumamosi wake wenza hao sasa hukaa benchi moja, na hawakubaliani hata kidogo. Bi Mwahija ameshamsamehe Rosa. Hamida anasema hamsamehi mpaka alipe kile kiti. Hubishana njia nzima kurudi nyumbani, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na Sadick akiwasikia wanakaribia hatoki kuuliza ni nani kamsema nani.