Siku Alizosema Amefunga

Beata huwatazama watu kana kwamba anataka kuwachukua vipimo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ni fundi cherehani wa Mkoani, mzaliwa wa Kasulu, na miaka aliyokaa Pemba imemfundisha kwamba mtu akishapimwa kiuno hawezi kunyamaza. Yeye si mmbea. Mmbea husikia ili akaseme. Beata husikia ili ajue, na akishajua hurudi kwenye pindo lake.

Mumewe, Agustino, hutengeneza mafriji, na Jumapili huwa mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe ni dogo, na waumini wake wengi ni watumishi wa serikali kutoka bara, wanaoletwa na uhamisho mmoja na kuondolewa na mwingine. Agustino alichaguliwa kwa sababu nyingi nzuri, ya kwanza ikiwa kwamba hakuna wizara inayoweza kumhamisha. Mchungaji hufika mara moja kwa mwezi. Jumapili zilizobaki Agustino ndiye anayehubiri, na huhubiri vizuri, hasa kuhusu unafiki.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza pamoja. Jirani yao Bi Mwatum, mjane anayependa kujua mambo, alimuuliza Agustino barazani, mbele ya watu: nyinyi Wakristo mnafunga vipi hasa?

Jibu la kweli lilikuwa refu na halikuwa na fahari. Wengine huacha nyama. Beata alikuwa ameacha sukari. Agustino mwenyewe alikuwa ameacha kutazama mpira, isipokuwa mechi muhimu. Lakini baraza zima lilikuwa linamtazama.

"Kama nyinyi tu, Bi Mwatum," alisema. "Alfajiri hadi magharibi. Hata maji."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Msellem mwenye duka alisema ya kuwa miaka yote hii hakulijua hilo. Beata, aliyekuwa mlangoni akishona kifungo, hakulijua pia.

Jioni ile adhana haijamalizika bakuli likawa limefika: muhogo wa nazi na kaimati juu yake, maana mwenye kufunga haachwi afuturu mkate mkavu ilhali jirani yupo. Kesho yake likaja la tambi. Likawa linakuja kila siku, na Agustino akawa analipokea kwa hamu isiyoelezeka kwa mtu aliyekula ugali na dagaa mchana, nyuma ya pazia la jikoni. Beata alimwacha. Alitaka kuona jambo hili litafika wapi.

Lilifika kwake.

Alasiri moja Bi Mwatum alikuja na kitambaa cha nguo ya sikukuu ya mjukuu wake. Akaingia, akaufunga mlango, akashusha sauti. Alisema tangu mfungo uanze yeye huisikia harufu ya dagaa saa za mchana. Mwanzo alijiambia Beata yumo kwenye siku zake, na mwanamke ana ruhusa yake ya kula. Wiki ikapita. Ya pili nayo ikapita.

"Mwanangu, damu ya siku zote hizo si ya kunyamaza nayo. N'shazungumza na Asya wa hospitali, atakupokea hata kesho. Na mumeo masikini anafunga hivyo hivyo na mgonjwa ndani, wala hasemi."

Hivyo ndivyo Beata alivyopata habari kwamba anaumwa. Sasa akaelewa kwa nini wateja walikuwa wakimsihi akae kitini anapowapima, na kwa nini mmoja alimletea maini. Angeweza kuumaliza ugonjwa wake kwa sentensi moja, lakini sentensi yenyewe haikuwa yake. Akashukuru, akasema jibu litakuja.

Jioni alimweleza mumewe. Agustino akakiweka kijiko chini. Hakutafuta kisingizio, alitafuta mpango, na mara nyingi hivyo viwili ni ndugu. Alisema Jumapili atasimama mbele ya kanisa zima na kutubu. Mahubiri yalikuwa yameshaanza kumjia. Jerry, katibu wa kanisa, alipopigiwa simu alikuwa na mpango mfupi zaidi: kunyamaza. Mzee wa kanisa akiumbuka, alisema, kanisa limeumbuka, tena ugenini.

"Kanisani hukumdanganya mtu," Beata akamwambia mumewe. "Wale wanajua unakula. Jerry mwenyewe ulikula naye juzi. Uliyemdanganya anakaa mlango wa pili."

"Nikimwambia Bi Mwatum, Mkoani nzima itajua. Nitasimama vipi tena mbele za watu?"

"Sasa hivi Mkoani nzima inajua mimi natoka damu."

Agustino akalisukuma bakuli pembeni. Halafu akavaa viatu. Beata akamfuata na kitambaa cha mjukuu, akidai anahitaji kuuliza urefu wa pindo. Hakuhitaji.

Agustino aliyasema yote barazani palepale alipodanganyia, amesimama, Msellem na wenzake wakisikiliza. Hajawahi kuhubiri kwa ufupi kiasi kile.

"Kwa hiyo Beata mzima?" Bi Mwatum akauliza kwanza.

"Mzima."

"Alhamdulillahi."

"Yakhe," Msellem akasema taratibu, "kumbe siku zote hizi tukimfuturisha kobe." Kobe ni yule alaye mchana kwa kujificha, na baraza likacheka. Agustino hakucheka, wala hakuondoka. Beata aliliona hilo, akaliweka akilini.

Bi Mwatum alikuwa na swali. "Huko kanisani kwenu, mkubwa akikosa anamwambia nani?"

Agustino alisema anamwambia mchungaji, na mchungaji yuko chini ya askofu.

"Hao wote wako mbali," Bi Mwatum akasema. "Mie niko hapa. Sisi siku uliyoila unailipa. Dini yako siijui. Ila ulisema umefunga, na mie nikapika. Sikukuu ikipita, zilipe."

Jumapili Agustino alilieleza kanisa, safari hii bila mahubiri, akaomba asipande madhabahuni mpaka amalize kulipa. Jerry alimuuliza mchungaji iwapo mzee wa kanisa anaweza kutiwa adabu na bibi wa Kiislamu. Mchungaji alifikiri sana. Akasema hajaona mahali palipokatazwa, na kwamba Kwaresima yenyewe ilikuwa bado haijaisha.

Idi ikapita. Mkoani ikarudi kula mchana, na Agustino akawa anatengeneza mafriji ya watu kinywa kikiwa kikavu. Kila nyumba ilimkaribisha biriani kwa sauti kubwa kuliko desturi. Hakuna aliyesahau.

Siku ya tatu, adhuhuri, Bi Mwatum alisimama mlangoni kwa Beata bila kitambaa chochote mkononi. Akanusa.

"Dagaa wa nani?"

"Wangu mimi."

Bi Mwatum akaomba radhi, akapita, akalifunua pazia la jikoni. Sahani ilikuwa moja. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Akalirudisha pazia vizuri, akaenda zake kukuna nazi ya bakuli la jioni.