Mikono Miwili ya Mchanga

Mto wetu hupita vijiji vitatu, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji. Una mchanga. Maji yako chini yake, na kila familia ina shimo lake, limezungushiwa miiba. Mpita njia hanyimwi kikombe. Mbuzi ni maneno mengine.

Mwaka ule mvua ya Novemba ilitukwepa na shimo letu likakauka. Nilikuwa na mbuzi kumi na wanne. Niliwahesabu mara mbili, hawakuongezeka. Siku ya pili bila maji niliwateremsha hadi kijiji cha chini, ambako kuna mwamba chini ya mchanga na maji hukawia kuondoka. Nilimkuta mwenye shimo, mama mzee, amekalia mtungi. Nikamwamkia, nikamweleza shida. Akasema pesa yangu hataki. Nimchimbie shimo liende chini mikono miwili, kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha mbuzi wanywe.

Mimi huuza mbuzi sokoni Migwani, na bei ya kwanza kwangu ni salamu tu. Nikamwita mwaitu, kama tunavyomwita mama yeyote huku, nikamwambia miwili ni mingi kwa mtu aliyetembea tangu alfajiri. Tufanye mmoja. Aliwatazama mbuzi, akakubali. Alikubali haraka mno, nami nikajiona mjanja.

Nikachimba mkono mmoja. Maji yakachuruzika, nikayateka kwa kopo hadi kwenye karai. Mbuzi watano wakanywa. Nikahesabu tena, ni watano wale wale. Wa sita alilamba matope.

"Mwaitu, maji yameisha."

"Hayajaisha, mwanangu. Yako kwa ule mkono ulionipunguzia."

Nikamwomba niumalizie. Akasema jembe ndilo hilo, lakini saa hii ni mikono miwili, juu ya ule wa kwanza. Nilifungua mdomo nipunguze. Mbuzi mmoja akapiga magoti, akalala. Nikaufunga.

Nilichimba miwili kamili, akaipima kwa mkono wake mwenyewe. Maji yalikuja polepole, kopo kwa kopo. Aliyelala nilimnywesha kwa kiganja mpaka akainuka. Wote kumi na wanne walikunywa, na shimo likaendelea kujaa.

Mama alisogeza mtungi wake, akaanza kuteka. Aliniuliza nitarudi lini. Nikasema kesho kutwa. Hakutaja bei, na mimi sikuuliza.