Mama Vijiti na Sabuni ya Wifi Yake

Mama Vijiti hakuzaa vijiti. Ni nesi wa kuzuia maambukizi hospitalini: hupita na vijiti vyenye pamba kichwani, akapangusa bomba, kitasa na kitanda, kisha akavipeleka maabara kuona vijidudu gani vitaota. Wanasema aliwahi kumpangusa mkurugenzi sikio katikati ya hotuba. Uongo huo, ilikuwa pua.

Basi wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao ikaingiliwa na bakteria sugu. Wenye kiburi hao: wakichomwa dawa, wanafuta midomo na kuomba nyingine. Watoto kadhaa waliugua, na dawa iliyobaki ya kuwaweza bakteria hao ilikuwa moja tu. Miongoni mwa wazima alilala Punje, mdogo hata ungemvisha soksi ya kidole gumba ikampwaya. Bibi yake mzaa mama ndiye sista mkuu wa wodi hiyo, tena mke wa kaka yake Mama Vijiti. Kwa hiyo Punje alikuwa mjukuu wa wote wawili, na hofu yake waliigawana.

Sista mkuu alisifika kwa usafi. Wodini kwake hata nzi waliteleza. Mama Vijiti akawatenga wagonjwa, wakapewa chumba chao na manesi wao, kisha akataka kila mtu anawe mara nyingi zaidi. Wakanawa mpaka ngozi zikanung'unika. Hata hivyo akaugua mtoto wa kitanda kilichopakana na cha Punje.

"Wifi, umepangusa mpaka kivuli changu," sista mkuu akamchokoza mbele ya manesi. "Au ni vijiti vyako vinavyotuletea ugonjwa?"

Mama Vijiti akacheka pamoja nao, lakini jambo moja likamkaa rohoni: kadiri wanavyonawa, ndivyo watoto wanavyougua.

Kesho yake akaja na visahani vya maabara vya kuoteshea vijidudu. Akamwomba wifi yake agandamize kiganja kwenye kimoja, anawe kama kawaida, akaushe, agandamize kwenye cha pili. Wifi akanawa kwa madaha ya bibi harusi. Visahani vilipotoka maabara, cha kwanza hakikuwa na la kutisha. Cha pili kilijaa bakteria sugu wale wale.

"Wifi yangu," Mama Vijiti akamwambia taratibu, "mikono yako ilikuwa salama. Bomba na taulo nimevipangusa, ni safi. Umeichafua kwa sabuni."

Sista mkuu hakupenda kitu kipotee. Chupa ya sabuni ya maji ikikaribia kuisha, aliongezea mpya juu ya masalia, na maji kidogo itiririke. Huko chini bakteria walishajenga, wakaoa, wakapata vitukuu.

Mama Vijiti alitaka kumsitiri, aseme sabuni ilikuja mbovu. Wifi akakataa. Akakusanya chupa zote kwa mikono yake, akawaita manesi na akina mama.

"Niliyekuwa naongezea ni mimi," akasema. "Kuanzia leo chupa ikiisha inatupwa, inafunguliwa mpya. Nikisahau, nikemeeni."

Ile dawa ya mwisho ikawainua wagonjwa, na hakuna mwingine aliyeugua. Punje akaenda nyumbani bila hata kikohozi. Siku hizi ana mashavu ya mwenyekiti, na wageni wakija kumwona, bibi yake huanza kwa kuwaonyesha Mama Vijiti.

"Mnamwona huyu?" huwaambia, kidevu juu. "Alinikamata nikiwa mchafu kuliko wodi nzima. Wifi yangu huyo. Nendeni mkanawe."