Mnanaa Uliobaki Nje

Mnanaa ulio kwenye ndoo nyuma ya nyumba yangu, hapa mtaa wa Kikuyu, Dodoma, aliupanda mama yangu. Nilipohamishiwa Dodoma kikazi alikuja nao kutoka Tanga, umefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akasema chai ya wizarani haina ladha. Sasa ndicho kitu pekee kilicho hai alichokishika kwa mikono yake, kwa hiyo kila kipupwe naingiwa na hofu. Upepo wa Juni hapa hauna adabu. Majani yanakuwa meusi, yanakauka, nami nakosa raha.

Kipupwe alichokuja mara ya mwisho, mama alitetemeka kutwa nzima. Aliniomba niingize ndoo ndani, mnanaa wake usife. Nilicheka. Nikamwambia huo si mjukuu wake, asiudekeze. Badala yake nikamwingizia yeye jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba na upenyo wa mlango kwa kanga, apate joto sawasawa. Kwetu Tanga jiko linakaa uani, nani alinifundisha kwamba mkaa unaua bila hata moshi? Asubuhi nilimkuta amelala vizuri tu, shuka imefika kidevuni. Nilimwita mara tatu.

Tangu hapo dirisha langu halifungwi, upepo ulie utakavyo. Na kuna siku napita uani nanusa mnanaa uliofikichwa, wakati hakuna aliyeugusa. Watu wakisema nimechanganyikiwa, waseme.

Mwaka huu baridi ilikaza kweli, mnanaa ukakauka wote. Jirani yangu, mama mkulima wa kutoka Kondoa, alikuja na kisu akaukata mpaka usawa wa udongo. Nilimfokea, mimi niliyekuwa nimetoka kumwamkia shikamoo sasa hivi. Ana moyo yule mama, hakukasirika.

"Mizizi ipo, mwanangu," alisema. "Baridi haiuui. Uache hapo hapo nje."

Wiki ya tatu machipukizi yakatokeza, madogo kama kucha za mtoto. Jirani alifurahi, akaniita nije nione. Nilichuchumaa mbele ya ndoo nikalia, akanipigapiga mgongoni akidhani ni furaha. Haikuwa furaha. Niliuchukia mmea ule, kwa sababu kama ningemwachia mama naye baridi yake, asubuhi angeamka.