Ng'ombe wa Dundori na Asili ya Lugha

Jumanne huko Dundori nilimsomea mzee mmoja mkamuaji habari ya gazeti, yote bila kukwama: wataalamu wanasema binadamu alijifunza kusema kwa kuiga wanyama. Mzee akanisikiliza mpaka akasahau kumwimbia ng'ombe wake, na ng'ombe akazuia maziwa. Lori la kuchukua maziwa lilikuwa limeshapiga honi.

"Mwalimu, funga hiyo karatasi," akaniambia. Akaegemeza kichwa kwa ubavu wa ng'ombe, akaimba mdomo ukiwa umefungwa. Maziwa yakashuka.

"Mzee, huo wimbo maneno yake ni yapi?"

"Hauna. Maneno yalikuja watu walipoanza kubishana."

Ndoo ikajaa, akaiwahisha kwa lori. Gazeti nimelihifadhi, ila hao wataalamu waje kwanza wakamue.